Redio ya volti 13.8 kwenye Fuso la volti 24: nichukue umeme wapi?

Utingo_wa_Karatu
Wakuu, habari za jioni. Bosi kauza Land Cruiser moja, redio yake ya upepo anataka niifunge kwenye Fuso linalopeleka maji na mahema kambini. Ni VHF ya wati 50, nyuma imeandikwa 13.8 V DC. Fuso lina betri mbili, jumla volti 24. Fundi umeme wa hapa mtaani kasema nivute waya kwenye betri moja tu, kazi imeisha. Muuza spea anasema ninunue konveta, kile kiboksi cha kushusha volti 24. Halafu hiyo 13.8, mbona sijawahi kuona betri yake dukani? Nisije nikaunguza kitu cha watu. Nawasilisha.

Fundi_Mawimbi
Mkuu, hujaiona kwa sababu haipo. Ni betri ileile ya 12 gari likiwa linawaka: vyumba sita, kila kimoja kama volti 2.3 kikiwa kinachajiwa. Zima injini, betri iliyojaa inatulia kwenye 12.6 hivi. Redio nyingi za gari zinavumilia asilimia 15 juu au chini, yaani 11.7 hadi 15.8, ila soma kitabu chake kwanza. Fuso likinguruma linatoa kama 28. Ukiunga moja kwa moja halafu ikafa fyuzi peke yake, katoe sadaka.

Hilo la betri moja nalisikia kila siku. Altaneta inazichaji zote mbili kama kitu kimoja, haijui kuwa moja inanyonywa pembeni. Inayolisha redio haijai, mwenzake inapewa kupita kiasi, inachemka na kukauka maji. Mwisho mnanunua zote mbili. Na fundi wako akikosea akashika betri ya juu, ile ambayo hasi yake haijaungwa kwenye bodi, hasi ya redio inakaa volti 12 juu ya bodi ya gari. Ganda la redio na la waya wa antena kwa kawaida yameungwa na hasi hiyohiyo. Siku unakaza nati ya antena kwenye bodi, utaona cheche.

Nunua konveta, iliyoandikwa 13.8 upande wa kutoka. Kurusha wati 50 kunavuta ampea 10 hadi 12. Kusikiliza tu hakufiki hata moja. Kwa hiyo chukua ya ampea 20 za kudumu. Kuna zile zenye namba kubwa kwenye boksi, ukisoma maandishi madogo zinahimili dakika chache tu.

Jembe_la_Kibaha
Hela zote hizo za nini? Weka rezista kubwa ipunguze volti. Taa za 12 tunazifunga kwenye 24 hivyohivyo.

Fundi_Mawimbi
Taa inavuta ampea zilezile muda wote, redio haivuti hivyo. Kuangusha volti 14 kwa ampea 11 unahitaji kama omu 1.3. Sasa achia maiki: redio inavuta nusu ampea tu, rezista inaangusha volti 0.65 tu, redio inakula 27. Utaiua ikiwa kimya.

Baharia_wa_Kilindoni
Nadandia hapohapo. Yangu ya wati 25 iko kwenye boti, betri ya sola. Inapokea safi, nikibonyeza maiki kioo kinazima. Betri nimeipima, 12.5. Redio mbovu?

Fundi_Mawimbi
Umepima ikiwa imepumzika. Pima kwenye plagi ya redio, mwenzako akiwa ameshika maiki. Waya wa ngapi, na mrefu kiasi gani?

Baharia_wa_Kilindoni
Wa milimita za mraba 1.5. Betri iko tezi, redio iko omo, kama mita 8. Nimepima ulivyosema: 10.8!

Fundi_Mawimbi
Basi redio ni nzima. Mita 8 kwenda na 8 kurudi, kwa ampea 6, waya huo unakula volti 1.1, na betri nayo inashuka kidogo ikibeba mzigo. Weka wa 6, upotevu utakuwa chini ya 0.3. Fungua na kishikio cha fyuzi, chumvi ya bahari huwa inaacha kutu ya kijani humo.

Utingo_wa_Karatu
Nimekupata mkuu. Konveta niiweke chini kwenye betri au juu kwenye kebini? Na kuna redio kama hii ofisini, tuna adapta ya kamera za ulinzi, 12 V 5 A. Itafaa?

Fundi_Mawimbi
Kebini, karibu na redio. Upande wa 24 ampea ni kama nusu, na waya ukipoteza volti moja njiani konveta haijali, inatoa 13.8 yake. Fyuzi ya ampea 15 iwe kwenye chanya, hapohapo karibu na betri, ili waya ukichunika njiani usiwake moto. Ukimaliza, sikiliza chaneli tupu. Kukiwa na mvumo unaokatika ukizima konveta, isogeze mbali na waya wa antena.

Adapta ya kamera waachie kamera. Itasikiliza kutwa nzima, ukibonyeza maiki inajizima. Tafuta pawa saplai ya 13.8, ampea 20. Kama ina nobu ya kurekebisha volti, iweke sawa kwa mita kabla hujaunga redio. Na ile chaja ya laptop yenye 19 iliyo kwenye droo, wasije wakakushawishi.