Mrejesho: Niliwaandikia wenzangu wa Utalii

Assalam aleikum jamani. Ni yule wa Malindi niliyeuliza kama ni aibu kuwaomba kazi wenzangu tuliosoma nao Chuo cha Utalii, baada ya miaka ya kimya, hoteli yetu ilipofungwa msimu wa kusi, wageni wanapopungua. Wengi mlinambia niandike tu. Nikaandika mistari miwili kwenye grupu la darasa.

Wa kwanza kunijibu hakuuliza hata vyeti. Ni yule tuliyekuwa tukitandika naye vitanda vya mazoezi, shuka ivutwe pembe zote mpaka mwalimu apitishe kiganja asipate mkunjo. Sasa ni meneja Watamu. Nimeshaanza kazi, mapokezi; mshahara umepungua, ila bahshishi zipo.

Yule wenu aliyesema hapa kwamba chuo hicho, cha tangu 1975 kwa msaada wa Uswisi, kimejaza watu hoteli za pwani, hakukosea. Jikoni nimemkuta mwingine, aliyetutangulia darasa, ananiita "kijana wangu" mbele ya wageni wa Kitaliano. Navumilia, afanyeje mtu?

Na yule aliyenishauri nipeleke zawadi kwanza: sikupeleka. Jumamosi tunakutana kwa mahamri na mbaazi, nami nimetwikwa kuwatafuta walioko Lamu.