Laptopu ya RAM 4GB, ndio naanza teminali ya Linux: WSL, flashi, Termux au nifute Windows?

mgeni_Umoja: Hamjambo wadau. Nimechukua laptopu ya ex-UK pale Luthuli Avenue: RAM 4GB, SSD 128GB, Windows 10. Natafuta kazi ya kusimamia seva na kila tangazo linataka Linux, ule mfumo mwingine usio Windows, na teminali yake, dirisha la kuandika amri. Jirani asema nifute Windows, rafiki asema VirtualBox, programu ya kuwasha Linux ndani ya Windows. Shida ni kwamba dada yangu huandikia ripoti zake za chuo humo humo. Nifuate lipi?

bwana_cron: VirtualBox kwa 4GB sahau. Utawasha mifumo miwili, kila mmoja na desktopu yake, juu ya RAM inayotosha mmoja kwa taabu. Kufuta Windows nako ni kujitafutia ugomvi nyumbani.

shangazi_bash: Weka WSL, mwanangu, Linux ya kutumia humo humo ndani ya Windows. Fungua PowerShell, dirisha la amri la Windows, kama msimamizi, andika `wsl --install`, washa upya, Ubuntu hiyo, aina mojawapo ya Linux. WSL 2 nayo ni mashine ndani ya mashine, lakini hubebi desktopu ya pili, ni teminali tu.

Ila usidhani faili za dada ziko mbali. Ziko `/mnt/c`, yaani diski C ya Windows, na teminali inazifikia. Siku moja nilikuwa ndani ya folda ya Desktop, nataka kufuta folda zote zinazoanza na "picha". Badala ya `rm -r picha*` nikaandika `rm -r picha *`. Nafasi moja tu! Ikasoma: futa picha, kisha futa kila kilichomo. Hakuna pipa la taka, hakuna kuulizwa "una hakika?" Risiti za chama za miaka miwili zikaenda, na mweka hazina ni mimi. Siku hizi natanguliza `ls -d picha*` nione kitakachoguswa, ndipo naandika `rm`.

abiria_wa_Rongai: Mbona hamtaji Termux, app ya teminali kwenye simu ya Android? Mimi amri kama `cd`, `grep` na `chmod` nilizijulia kwenye matatu, foleni ya Lang'ata Road. Pakua kutoka F-Droid, duka la app, kisha `pkg install` unachotaka.

bwana_cron: Kwa vidole kuzoea, sawa. Lakini Termux haina `systemctl`, amri ya kuwasha na kuzima huduma za seva, na mtu wa seva huishi nayo. Kwenye WSL ya sasa ipo.

kaka_flashi: Flashi ya kuwashia Linux ni ya kuonja tu, kuona kama Wi-Fi inashika. Usipoitengea sehemu ya kuhifadhi, ukizima kila kitu kimepotea.

mgeni_Umoja: Asanteni. Nimeweka WSL, `pwd` na `ls` zimekubali. Sasa nimeandika `sudo apt update` kuvuta orodha mpya ya programu, imeniomba nenosiri na kibodi imekufa hapo hapo. Nabonyeza, hakuna herufi wala nyota. Nimrudishie muuzaji?

shangazi_bash: Kibodi nzima, mwanangu. Nenosiri halionyeshwi. Andika hivyo hivyo kama kipofu, bonyeza Enter.

mgeni_Umoja: 🙈 Imekubali.