Kumpeleka mama ufuo wa Coney Island

Assalamu alaykum, ndugu zangu wa Lamu mlio nyumbani na mlio ng'ambo.

Mwezi wa Julai, inshallah, nitasafiri na mama kutoka Mkomani kwenda Brooklyn, jijini New York, kumtazama dada yangu aliyejifungua. Mama anasumbuliwa na magoti, lakini ameshasema kwamba hatarudi bila kuiona bahari ya huko. Ningependa kujua kama ufuo wa Coney Island una kiingilio, kama mtu asiyeweza kutembea sana atayafikia maji, na kama mavazi yetu yatazuiliwa.

*

Wa alaykumu ssalam, mwanangu.

Niliishi Brooklyn miaka mingi kabla ya kurudi Langoni, na ufuo huo naujua vizuri. Kiingilio hakuna. Mkialikwa jimbo jirani la New Jersey ulizeni kwanza, kwa sababu miji mingi ya huko hutoza ada wakati wa joto, ingawa Atlantic City haitozi.

Treni za D, F, N na Q huishia Stillwell Avenue, kituo kinachofikika bila kupanda ngazi, na kutoka hapo hadi baharini ni mwendo mfupi. Njia ya mbao ya Coney Island ilifunguliwa mwaka 1923 na ina urefu wa zaidi ya kilomita 4, ikiwa na mabenchi na vyoo vya umma. Mama anaweza kukaa hapo akipunga upepo bila kukanyaga mchanga. Akitaka kushuka, kuna mikeka maalumu iliyotandazwa mchangani, na idara ya bustani ya jiji huazima bila malipo viti vya magurudumu mapana. Waulizeni wafanyakazi wake mara mnapofika. Asitembee pekupeku juu ya mbao, kwani vibanzi huchoma.

Jambo ninalotaka mlishike zaidi ni bahari yenyewe. Sisi tuliokulia Shela, ambako sehemu kubwa ya ufuo haina mlinzi, tumezoea kuamua wenyewe kwa kutazama mwezi, upepo na maji yanavyojaa na kupwa. Ujuzi huo hautoshi kule. Kuogelea kunaruhusiwa katika msimu tu, kuanzia mwisho wa Mei hadi Septemba, na ni pale waokoaji wanapokuwa zamuni, kuanzia saa 4 asubuhi hadi saa 12 jioni. Bendera nyekundu maana yake ni kwamba maji yamefungwa, na filimbi ikipigwa mtu hutoka hata kama anaona bahari imetulia. Kando ya magati ya mawe yaliyoingia majini kuna mikondo inayoweza kumvuta mtu kuelekea kilindini. Aliyevutwa asipigane nao, bali aogelee sambamba na ufuo mpaka atoke, kisha ndipo arudi nchi kavu. Maji nayo ni ya baridi kuliko yetu hata mwezi wa Julai, kwa hiyo mama aanze kwa kulowesha miguu.

Kuhusu mavazi, hakuna atakayewazuia kwa kujisitiri. Hata hivyo, buibui likilowa huwa zito na wimbi hulivuta, kwa hiyo atakayeingia majini avae vazi la kuogelea linalofunika mwili. Bebeni chakula chenu, kwa kuwa soseji za ng'ombe zinazouzwa pale tangu mwaka 1916 si za halali. Pombe na sigara vimepigwa marufuku ufuoni, jambo lililonifurahisha sana nilipokuwa na watoto wadogo.

*

Shukrani nyingi, shangazi. Mama anauliza kama tutaweza kuswali Magharibi kabla ya kuondoka ufuoni.

*

Mwambie mwanzoni mwa Julai jua la huko huzama karibu saa 2:30 usiku, si saa 12 na nusu kama hapa, na wakati huo waokoaji wameshaondoka zamani. Ni bora mswali Alasiri pale, sehemu iliyo kavu mbali na njia ya wapita kwa miguu, kisha mrudi nyumbani kabla treni hazijajaa. Na mkisikia radi, tokeni majini na mchangani mara moja, mkajikinge ndani ya jengo.