Maporomoko ya Victoria: Aprili au Oktoba, na upande upi?

MsafiriKusini:
Wakuu, tunapanga kwenda Maporomoko ya Victoria, watu wazima wawili na mtoto wa miaka tisa. Likizo ni ama katikati ya Aprili ama mwisho wa Oktoba. Tufikie Zambia au Zimbabwe? Na simu tunazilindaje na manyunyu?

Mtazama_Mito:
Mkuu, mwezi ndio utakaokuchagulia upande. Mvua za pale hupungua Machi, lakini mto Zambezi, unaoleta maji ya maporomoko, hufika kilele karibu Aprili, maana maji mengi hutoka mbali, Angola na kaskazini-magharibi mwa Zambia, kisha hucheleweshwa na tambarare za mafuriko za Barotse.

Kwa hiyo Aprili ukuta mzima wa mita 1,708 unamwaga maji. Kishindo utakisikia vizuri, ila katikati unaweza usione kitu zaidi ya ukungu mweupe. Oktoba ni kinyume: upande wa Zambia sehemu kubwa hubaki mwamba mtupu, na wasiojua hilo hurudi wamekasirika. Zimbabwe maji hayakatiki, hasa kwenye sehemu ya maporomoko iitwayo Devil's Cataract, kwa sababu ukingo wake wa juu uko chini kuliko sehemu nyingine za ukuta.

Oktoba nenda Zimbabwe bila kusita. Aprili pande zote zinafaa, na daraja la miguu la Knife Edge, Zambia, litawalowesha kama mvua ya masika. Kama likizo inasogezeka, Juni au Julai ni bora kuliko yote mawili: maji bado mengi na ukungu umepungua.

Bi_Korongo:
Nyongeza kwa Aprili. Mwamvuli hausaidii, kwani upepo wa korongoni husukuma manyunyu kutoka chini kwenda juu. Vaeni makoti marefu ya mvua na viatu vya soli yenye meno; ndala huteleza kwenye mawe yaliyolowa. Pasipoti na pesa zifungwe kwenye mifuko miwili ya plastiki.

Simu iwe kwenye pochi isiyopitisha maji, na kitambaa kikavu kikae ndani ya mfuko wake, la sivyo utakuwa unafuta lenzi kwa kitu kilicholowa. Ikilowa, usiichaji mpaka tundu la chaja likauke kabisa; umeme ukipita penye maji, vile vyuma vidogo vya ndani ya tundu huliwa na kutu. Upande wa Zimbabwe anzeni picha Devil's Cataract, halafu ndipo msogee katikati kwenye manyunyu mazito.

Mtoto ashikwe mkono muda wote. Danger Point, ncha ya mwamba upande wa Zimbabwe, haina uzio ukingoni. Na msibebe chakula kwenye mfuko unaoonekana, nyani watauchukua.

Mtazama_Mito:
Upinde wa mvua hutokea upande ulio mkabala na jua, kwa hiyo asubuhi tazameni magharibi, alasiri mashariki. Jua likiwa juu sana, tazameni chini korongoni. Siku za mwezi mpevu hifadhi hufunguliwa usiku kwa ajili ya upinde wa mwezi, na Aprili ina manyunyu ya kutosha kuutengeneza.

MsafiriKusini:
Asanteni sana. Na lile bwawa la kuogelea ukingoni kabisa?

Bi_Korongo:
Devil's Pool iko upande wa Zambia na huingiwa maji yakiwa machache tu, tena kwa kuongozwa. Aprili haiwezekani kabisa. Oktoba mnaweza, ila ulizeni kwanza umri wa chini unaokubaliwa.