Watoto saba, meza moja: siku inavunjika kabla ya Adhuhuri. Naomba ushauri wa ratiba

MamaSaba_PA

Assalaam alaykum ndugu zangu, na wengine wote nawasalimu.

Tuko Pennsylvania, Marekani. Tunasomesha nyumbani kwa hati ya kiapo (mzazi anaapa kwa wilaya ya shule kwamba atawasomesha mwenyewe), si kwa shule ya mtandaoni. Wakwanza ni binti wa miaka 13 (darasa la 8), kisha wa kiume 11 (la 5), binti 9 (la 3), wa kiume 7 (la 2), wa kiume 5 anayeanza kusoma, binti wa miaka miwili na nusu, na mchanga wa miezi minne. Baba yao hutoka alfajiri, hurudi jioni.

Ukutani pameandikwa: Qur'ani baada ya Alfajiri, hesabu saa mbili, Kiingereza saa tatu, sayansi saa nne. Kinachotokea ni hiki: saa tano inafika mkubwa tu ndiye aliyemaliza hesabu. Wa 11 amekwama swali la tatu, ananisubiri. Wa 9 na wa 7 wanagombea kifutio. Huyu wa miwili na nusu kamwaga uji juu ya daftari la mwenziwe. Mimi niko jikoni na mtoto begani. Ikiadhiniwa Adhuhuri, hapo tena hakuna darasa.

Maswali yangu:
1. Nipange vipi masomo ili wasinihitaji wote kwa mpigo?
2. Siku kama hiyo inahesabika katika zile siku 180 za masomo ambazo sheria inataka kwa mwaka?
3. Hifdhi (kuhifadhi Qur'ani) tuiweke wapi wakati wa baridi, Magharibi inapoingia saa kumi na nusu?
4. Muziki umo kwenye orodha ya masomo ya lazima. Mume wangu hataki ala ndani ya nyumba. Tufanyeje?

mwl.darasa1

Waalaykum salaam dada. Ratiba yako imewafanya watoto watano kuwa madarasa matano, na mwalimu ni mmoja. Hata shule haifanyi hivyo.

Masomo ya kufundisha mmoja mmoja ni mawili tu: hesabu na kusoma/kuandika. Historia, jiografia, sayansi, afya na usalama wasome pamoja, mada moja kwa wote, kazi ndiyo itofautiane. Mfano mada ni Mto Susquehanna. Soma kwa sauti robo saa. Wa 7 achore mto na kuandika majina matatu kwenye ramani. Wa 9 aandike sentensi tano. Wa 11 aandike aya mbili. Wa 13 aandike ukurasa mzima na apime urefu wa kipande cha mto kwa skeli ya ramani. Mama kafundisha mara moja, kapata kazi nne za kuweka kwenye jalada (mkusanyo wa kazi za mtoto za mwaka mzima).

Kwa hesabu na kusoma, anza na MDOGO. Wengi huanza na mkubwa kwa sababu kazi yake ni ngumu, na wadogo wanaosubiri ndio wanaoleta fujo. Wa 5 mpe dakika 15 za mwanzo: sauti s, a, t, p, i, n. Sita hizo tu zinampa sat, pin, tap, nap na kadhalika, kwa hiyo anasoma maneno mapema badala ya kukariri alfabeti nzima kwanza. Kama unamfundisha na silabi za Kiswahili (ma me mi mo mu), weka jioni na tumia daftari la rangi nyingine, maana "a" ya *mama* na "a" ya *Pat* zitamchanganya akizikuta meza moja saa moja. Akitoka huyo, wa 7 dakika 20, halafu wa 9, wa 11, na mkubwa mwisho.

Sasa sikiliza hapa, maana ndipo siku nyingi hufia. Anayesubiri zamu yake hapewi somo jipya alifanye peke yake. Apewe mazoezi ya somo la JANA, ambalo ulishamweleza. Somo jipya ni la zamu ya mama. Kazi ya peke yake ibaki siku moja nyuma daima, na utaona "mamaaa, sielewi" inavyopungua.

Na kila mtoto mpe vibanio vitatu vya nguo. Akikwama, anabana kibanio pembeni ya swali anaendelea na linalofuata, hainuki kitini. Zamu yake ikifika unakwenda moja kwa moja penye vibanio. Vikiisha vyote vitatu kabla ya nusu ukurasa, tatizo si mtoto, somo la jana halikuingia: funga mazoezi, rudia somo.

Jambo la mwisho: vitabu vingine vya hesabu vya huko vina maswali hadi 30 kwa somo. Fanya yale ya namba witiri tu (1, 3, 5...). Shufwa yawe akiba ya kurudia kwa aliyeshindwa.

nungwi_kids

Nafuatilia. Huyo wa miwili na nusu mnamfanyaje lakini? Wangu ni wa umri huo huo.

Bi_Mshona

@nungwi_kids sanduku la darasa. Vitu vitano sita ambavyo anaviona wakati wa masomo TU: sufuria ndogo na mwiko, vikombe vya kupachikana, utepe wa karatasi wa kubandika mezani, vitambaa vya kukunja. Likifungwa, linapanda juu ya kabati. Badilisha nusu ya vitu kila wiki. Likiachwa chini siku nzima, siku ya tatu halina maana tena. Na msiweke kunde, shanga wala maharage kwa umri huo, huingia puani na kooni.

Mleta mada, wewe nakujibu la jikoni, maana saa tano ndipo siku yako inapokatika. Mchana usipike, pasha moto. Maharage kilo 1 yaliyolowekwa usiku yakichemshwa yanakaribia kilo mbili na nusu. Kwa nyumba yenu gawa mafungu matatu, mawili yagandishe bila chumvi wala nazi, utaunga siku ya kula. Mchele vikombe vinne ndani ya jiko la umeme la wali, kitufe anabonya wa 9. Uji wa asubuhi koroga unga kikombe kimoja kwenye maji BARIDI vikombe viwili kwanza, ndipo umimine kwenye vikombe vitatu vinavyochemka. Ukiweka unga mkavu kwenye maji ya moto utapata madonge, na uji wa madonge ndio huo unaomwagwa juu ya madaftari.

Mchanga naye mpangie. Ile robo saa ya kusoma kwa sauti aliyosema mwalimu iangukie anaponyonya. Mikono imefungwa lakini mdomo uko huru.

JembeJipya

Binti wa 13 yupo. Awashike wadogo, mama afundishe. Sisi huku nyumbani dada mkubwa ndiye mama wa pili, mbona mnazunguka?

mwl.darasa1

@JembeJipya huyo binti yuko darasa la 8, hesabu yake sasa ni ya kuingia aljebra, na akili yake inahitaji saa nzima isiyokatizwa. Ukimgeuza yaya, jalada lake ndilo litakalokuwa jembamba kuliko yote mwisho wa mwaka. Mpe zamu ya nusu saa, iandikwe kwenye ratiba, na kaka yake wa 11 naye apewe nusu saa yake. Zamu isiyo na saa ya kuanza na kuisha huwa ni ya msichana siku zote.

Pwani_Erie

Dada, la sheria nijibu mimi.

Sheria ya Pennsylvania inataka siku 180 AU saa 900 kwa mwaka kwa darasa la 1 hadi la 6 (saa 990 kuanzia la 7). Ni "au". Chagua siku. Ukihesabu siku, sheria haitaji siku moja iwe na saa ngapi, wala haisemi iwe Jumatatu hadi Ijumaa. Mwaka wa shule ni tarehe 1 Julai mpaka 30 Juni. Siku nne kwa wiki mara wiki 45 ni 180 kamili, na wiki saba zinabaki kwa Ramadhani, Idi na uzazi. Jumamosi ya maktaba ni siku. Mkija mkaumwa wote Jumanne, hiyo si siku, msiiandike, mtailipa mbele.

Kwa hiyo siku yako ya uji kumwagika inahesabika kama kufundisha kulifanyika. Weka kipimo chako mwenyewe cha chini: hesabu, kusoma, na kimoja cha pamoja. Vikifanyika vitatu, weka namba ya siku. Visipofanyika, usiweke.

Kinachowaponza watu si siku mbovu, ni daftari. Kumbukumbu inatakiwa iandikwe wakati masomo yanaendelea, ikitaja vitabu vilivyosomwa kwa majina. Anayekaa Mei kujaza miezi tisa kwa mkupuo huonekana: wino mmoja, mwandiko mmoja. Daftari moja la mistari, ukurasa kwa wiki, mtoto mmoja safu moja. Dakika tatu kabla ya kuinuka mezani.

Huyu wa 5 hayumo kwenye hesabu hii kabisa, umri wa lazima unaanza miaka 6. Usijichoshe kumwandikia.

Ila kuna jambo hujalitaja. Mtihani wa kitaifa wa kusoma na hesabu ni kwa darasa la 3, la 5 na la 8. Wewe mwaka huu una watoto WATATU wa mtihani, na mzazi haruhusiwi kuusimamia. Tafuta msimamizi mapema, au waombee nafasi wafanye mtihani wa jimbo katika shule ya umma ya wilaya yenu.

JembeJipya

Basi si awaandikishe shule ya mtandaoni ya serikali, hati zote hizo za nini?

Pwani_Erie

Hiyo ni shule ya umma, mkuu. Haina hati ya kiapo, lakini ina mahudhurio yake, walimu wake, mtaala wake na mitihani ya jimbo. Watoto wanne mbele ya skrini nne kwa saa za shule, na Alasiri ya Desemba inaingia saa nane na kitu mchana. Kuna njia ya kati: tangu sheria namba 55 ya 2022, mtoto wa nyumbani anaweza kuchukua masomo shule ya wilaya mpaka robo ya siku. Huyo wa 13 akitaka maabara ya sayansi, mlango uko wazi.

UstadhMkimya

Waalaykum salaam warahmatullah mama.

Hifdhi msiifunge kwenye swala moja mwaka mzima, maana huko saa zinahama sana. Desemba Alfajiri inaingia karibu na saa kumi na mbili, watoto wameshalala vya kutosha, na hapo somo jipya baada ya swala linakaa. Juni Alfajiri inakuja karibu saa kumi usiku, na Isha iliyotangulia iliswaliwa usiku mwingi. Ukilazimisha somo jipya hapo, unapata mtoto anayesinzia na herufi zinazomezwa. Miezi hiyo waswali, warudi kulala, somo jipya liwe la kwanza mezani kabla ya hesabu.

Kiasi: wa 7 mistari mitatu, wa 9 na wa 11 mitano, mkubwa nusu ukurasa. Mtoto asipewe mstari mpya kabla hajausoma wa jana bila kuangalia, kosa moja kwa ukurasa linavumilika, matatu hapana. Marejeo ni somo jingine, wakati mwingine: baridi liwe kati ya Alasiri na Magharibi, hayo masaa mawili na ushee yanatosha kwa wote. Wasikilizane wawili wawili, mkubwa na wa 9, wa 11 na wa 7, msahafu mkononi mwa anayesikiliza. Lakini somo jipya asikilize mama au mwalimu. Kosa la matamshi likifundishwa na mtoto kwa mtoto, kulitoa ni kazi ya miezi. Wadogo waanze na Juzuu Amma kutokea Annas kupanda juu, zile sura fupi zinawapa moyo.

Muziki: sheria inataja somo, haitaji ala. Sauti na mapigo vinatosha. Wafundishe kasida kwa makofi, na kama mzee hana neno na dufu, basi dufu. Mkubwa na wa 11 wape utenzi: kila ubeti vipande vinne, kila kipande mizani (silabi) nane, vina vitatu vya mwanzo vinafanana na cha nne ni bahari, yaani kinarudi kilekile kila ubeti. Wahesabu mizani kwa vidole wakiimba, kisha waandike ubeti wao. Karatasi hiyo inaingia kwenye jalada kama muziki, na tarehe juu.

MamaSaba_PA

Allah awalipe nyote. Vibanio vipo, nimeshavitoa kambani. Bado mawili kwa @Pwani_Erie: jalada linapelekwa wilayani? Na mama mkwe anahamia kwetu mwezi wa saba, inaathiri hati ya kiapo?

Pwani_Erie

Jalada haliendi wilayani. Linaonwa na mtathmini, ambaye anazungumza na kila mtoto pia. Awe mwalimu mwenye leseni ya jimbo au mwanasaikolojia mwenye sifa, si wewe wala mumeo. Wilaya inapokea cheti chake tu, kabla ya tarehe 30 Juni. Wa watoto wanne usimtafute Juni, wanakuwa wamejaa. Mwombe Aprili.

Mama mkwe ndiyo, anahusika: unaapa kwamba hakuna mtu mzima anayeishi humo aliyetiwa hatiani kwa makosa yaliyoorodheshwa ndani ya miaka mitano. Hati ya mwaka mpya inatakiwa kabla ya tarehe 1 Agosti, na yeye atakuwa keshafika, kwa hiyo iandike ukimhesabu. Ambatisha malengo ya kila somo na kumbukumbu za chanjo, usalama wa moto usiusahau kwenye malengo. Peleka kwa mkono, na nakala yako wagonge muhuri wa kupokea hapo hapo kaunta.