Majani ya mkarafuu: yabaki shambani au yaende kukamuliwa mafuta?

Mtu wa Wete: Majani yaliyoanguka yanajazwa magunia kwenda kukamuliwa mafuta, shamba linabaki kipara. Napinga. Kila gunia linaondoka na potashi na chokaa ambazo hakuna anayezirudisha. Na wanaofyagia chini ya mikarafuu kama ua wa nyumba ni wavivu wa kufikiri.

Mchumaji: Wavivu? Pima maneno, sheikh. Msimu wa uchumaji lazima pafyagiliwe. Karafuu zilizoanguka hazionekani ndani ya majani, na zikilala na mvua zinaota ukungu. Majani yanasogezwa pembeni, msimu ukiisha yanarudishwa.

Mama Iliki: Yanarudishwa makavu vile vile? Jani la mkarafuu ni gumu, lina nta na yujenoli, ile dawa kali ya mafuta ya karafuu. Ukilifukia kwenye tuta la tangawizi linachelewesha machipukizi, na vijidudu vinavyoliozesha vinakula naitrojeni ya udongo, tangawizi inageuka njano. Liozeshwe kwanza. Katakata kwa panga, weka tabaka la sentimita 20, samadi sentimita 5, juu yake majani mabichi ya gliricidia, mti wa jamii ya kunde. Mwagia maji mpaka ukikamua kwa kiganja yatoke matone mawili matatu, si zaidi. Rundo lifike mita moja kwenda juu, likiwa dogo halishiki joto. Geuza kila wiki mbili, miezi mitatu minne.

Mchumaji: Mboji sawa, bibie. Neno "wavivu" halijajibiwa.

Mtu wa Wete: Niliwakusudia wanaochoma. Moto unapeperusha naitrojeni, na jivu linasombwa na masika ya kwanza kwenye miteremko yetu.

Mchumaji: Basi ungesema kuchoma. Ufagio na kibiriti ni vitu viwili.

Mtu wa Muheza: Mnagombea ufagio, pilipili manga zinakufa. Majani ya mpilipili manga uliooza shina yasitandazwe popote, yanabeba ugonjwa. Vanila nayo inataka matandazo ya sentimita 10 kwa sababu mizizi yake inatambaa juu juu, lakini yasiguse shina. Acha upana wa kiganja. Wengi wanairundikia mpaka shingoni, kisha wanalaumu vipando.

Mama Iliki: Kweli kabisa. Kuhusu mafuta, mvuke unatoa mafuta tu, madini mengi yanabaki kwenye makapi. Makapi yarudi shambani, yanaoza upesi kuliko jani zima.

Mtu wa Wete: Hilo nalikubali. Gari la kuyarudisha analipa nani?

Mchumaji: Aliyechukua majani.