Chuo kidogo cha tiba ya familia: aliyepita huko anipe historia yake

BintiWete
Assalaam alaykum wanajamvi. Mie ni afisa ustawi wa jamii, nipo Wete, Pemba. Kesi zangu karibu zote ni za nyumba: mke karudi kwao, matunzo ya watoto hayaji, kijana kaacha skuli na babake anasema karogwa. Nimepata nafasi ya kusoma shahada ya pili ya tiba ya familia (ile ya kuikalisha nyumba nzima pamoja na kuzungumza nayo, si ya dawa) nje, lakini chuo chenyewe kidogo mno, wanafunzi hawafiki arubaini, wala si tawi la chuo kikuu chochote. Kaka yangu ananambia hicho si chuo, ni duka. Nauliza: vyuo vidogo namna hii vimetokea wapi? Kwa nini fani hii haikukaa chuo kikuu tokea mwanzo kama udaktari na sheria? Na kama yupo aliyesoma huko, kulikuwaje?

Kibandamaiti77
Dada, hela hizo kanunue kiwanja Tunguu. Tiba ya familia tunayo bure, inaitwa wazee.

MuuguziMstaafu
Wa alaykum salaam mwanangu. Mie wa Chake, muuguzi wa wagonjwa wa akili, nimestaafu. Miaka ya 90 nilisoma chuo cha namna hiyo California, kwa hiyo kaa kitako, maneno ni mengi.

Fani hii imezaliwa kliniki, na wengi walioizaa ni madaktari wa akili waliochoshwa na jambo moja. Unamtibu kijana hospitali, anapata nafuu, anarudi kwao, mwezi haujesha yupo tena mlangoni na nguo zilezile. Mie jambo hilo nalijua kwa sura za watu.

Palo Alto, mji wa California, alikuwepo Gregory Bateson, ambaye wala hakuwa daktari, alikuwa mwanaanthropolojia. Mwaka 1956 yeye na Don Jackson, Jay Haley na John Weakland walitoa makala juu ya skizofrenia, maradhi mazito ya akili, na maneno yanayopingana anayopewa mtoto nyumbani: njoo nikupakate, huku mwili wa mama unasema usinisogelee. Miaka miwili baadae Jackson akaanzisha taasisi yake hapohapo mjini, Mental Research Institute. New York, Nathan Ackerman akafungua yake 1960. Philadelphia, Salvador Minuchin, mzaliwa wa Argentina, alishika kliniki ya watoto mwaka 1965, na pale wakafundishwa hata watu wa mitaa ya jirani wasio na shahada, wawatibu majirani zao. Huyu ndie nimpendae.

(Ile nadharia ya 1956 kwamba mazungumzo ya nyumbani ndiyo yanayoleta skizofrenia haikusimama, na kina mama wengi walibebeshwa lawama isiyo yao. Kilichobaki ni ile desturi ya kuwaita wote chumbani.)

Sasa kwa nini si chuo kikuu? Kwa sababu wakati ule tiba ya akili ilikuwa siri ya watu wawili, daktari na mgonjwa wake, na mlango umefungwa. Hawa wakaja na kioo cha upande mmoja. Familia inaona kioo cha kujitazamia, mwalimu na wanafunzi upande wa pili wanaona dirisha. Kwa wakubwa wa fani ilikuwa kama kufuru. Basi wakapanga nyumba zao wenyewe na kufundishana humo. Baadae ikaja leseni ya kufanya kazi hii. California ilipitisha sheria yake 1963, ya mwanzo Marekani, na leseni ikitaka shahada, taasisi haina budi ijigeuze chuo. Ndio ukapata vile vyuo vya vyumba vinne.

Chetu kilikuwa ghorofani, chini yake daktari wa meno. Familia inalia huku, mashine ya meno inalia kule. Waanzilishi walikuwa wamefunzwa kwenye taasisi za zamani, na bado mmoja alikuwa akifundisha, mwanamke mkongwe anaevaa kandambili darasani.

Siku yangu ya mwanzo mbele ya kioo nilipewa mama, baba na binti wa miaka kumi na tano asiekula mezani na wenzake. Nikaona ninakwenda vizuri. Simu ya ukutani ikalia. Simu ile ni ya mwalimu, anakupigia akiwa nyuma ya kioo. Akanambia maneno matatu tu: "Hama kiti hicho." Nikajitazama, kumbe nimekaa ubavuni kwa mama, sote wawili tunamkabili baba kama mawakili. Nimehama, na baba akaanza kusema. Nimesoma vitabu vingi kule, hakuna kilichonifunza kama ile simu.

Halafu kuna mchoro wa ukoo. Mraba mwanamme, duara mwanamke, mstari wa ndoa, talaka unakata kwa vijistari viwili. Kila mwanafunzi achore kwao. Wenzangu waliomaliza kwa karatasi moja walikuwa wengi. Mie baba yangu kaoa watatu, mmoja kamwacha talaka moja na kamrejea kabla edda haijesha. Nikakata mstari, halafu sikujua niunge vipi. Mwalimu wa kandambili akauliza, "Walifunga ndoa upya?" Nikamwambia hapana, karejewa tu. Alikaa kimya muda, kisha akachukua penseli akanambia, "Nifundishe mie." Saa nzima darasa likasoma talaka rejea kutoka kwa mtu wa Pemba.

Sasa ubaya wake, nao usiufiche kwa kaka yako. Chuo kidogo kinaishi kwa ada. Wanafunzi wakipungua mwaka mmoja, mishahara inayumba. Changu kilikuja kumezwa na chuo kikubwa, na nilipotaka nakala ya matokeo yangu kwa ajili ya kupandishwa daraja kazini, nilizungushwa mwaka na nusu kwa barua pepe. Huyu anasema muulize yule, yule keshaacha kazi. Kwa hiyo waulize mambo matatu. Ithibati yao imetolewa na nani na inakwisha lini? Wakifunga, kumbukumbu zenu anazishika nani? Na nyuma ya kioo, au kwenye video siku hizi, atakaa nani na mara ngapi kwa wiki? Kama jibu la la tatu ni "mtajirikodi wenyewe", kaa Wete.

Na leseni usiitie maanani sana kama unarudi nyumbani. Ya California inataka saa 3,000 za kazi chini ya msimamizi, hiyo ni miaka. Mie nilirudi bila ya hiyo leseni.

Kibandamaiti77
Bi Mkubwa nimekusoma mpaka mwisho, samahani kwa lile la kiwanja. Lakini hakamu, msuluhishi wa mke na mume, si ndio haohao? Suratun Nisaa aya ya 35 ishasema, mmoja kutoka kwa jamaa za mume, mmoja kutoka kwa jamaa za mke.

MuuguziMstaafu
Karibu sawa, na mie nimekaa na mahakamu mara nyingi. Lakini hakamu anaitwa moto ushawaka, na anatoka kwenye ukoo, ana upande hata asipotaka. Nimemuona ami mtu anasuluhisha huku mkononi ana risiti za mahari. Mie natakiwa niingie mapema, nisihukumu, na nitoke. Kazi mbili.

KaraniMstaafu
Nimekaa mahakama ya kadhi miaka, naunga mkono. Wakifika kwetu washachoka, wanataka karatasi tu. Swali langu kwa Bi Muuguzi: kioo kile Pemba utakiweka wapi? Nyuma yake atakaa shangazi wa mtu.

MuuguziMstaafu
Hahaha, hapo umenipata. Sikuweka kioo. Nilikuwa nikiwaita Chake watu wa Wete, na wa Chake nikikutana nao Mkoani, na nauli ya gari ya shamba natoa mie. Hata hivyo mara moja nilimkuta mke wa mtu kwenye foleni ya samaki, akanigeuzia kisogo. Nikajua anafanya vizuri, siri yake anailinda.

BintiWete
Ahsante sana Bi Mkubwa. Nimewaandikia chuo maswali yako yote matatu. La tatu wamejibu upesi: mara mbili kwa wiki, mwalimu yupo chumba cha pili. La pili bado wako kimya.

Jana usiku nikachukua nyuma ya kalenda nikaanza kuchora kwetu, nimekwama kwa bibi. Kamnyonyesha mtoto wa jirani aliyefiwa na mamake, na kwa hilo posa moja ya ukoo ilivunjwa mwaka juzi. Ndugu wa kunyonya wanachorwa vipi?

MuuguziMstaafu
Hawana alama yake. Mstari wa nukta usiutumie, wao wameuweka kwa watoto wa kulelewa, utawachanganya. Chukua kalamu ya kijani, unga kutoka kwa bibi mpaka kwa huyo mtoto, na pembeni uandike "maziwa". Mwalimu akikuuliza, mwambie akae kitako.